Hita ya Tatu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: Singida hadi Kiomboi siku tatu, mlikuwa mnatambaa? Mmoja wenu aliniuliza kanisani, katikati ya wimbo. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, msome, mpeane, halafu mtakaponiona njiani mnisalimie kama mtu wa kawaida. Habari za kuomba ruhusa kwa tajiri wangu na kupakia magunia yake ya chumvi nazipita, hazina utamu. Naanzia pale gari lilipokataa.

Mandewa

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Macho ya Mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Ule ulikuwa mwaka wa nne haoni sura ya mtu. Alichojua ni kwamba kumekucha au jua limezama, basi. Daktari wa macho alikuwa akija Kiomboi mara moja kwa mwaka, anakaa siku chache, anaondoka. Safari hii siku yake ya mwisho ya kupasua ilikuwa Alhamisi. Mwaka uliotangulia Mama alikataa kwenda. Mwaka wa nyuma yake alikataa pia. Mwaka huu akakubali, na mimi sikuuliza kwa nini, nisije nikamkumbusha kukataa. Nilipanga tuondoke Jumatatu alfajiri, tufike jioni ile ile, tubaki na akiba ya siku mbili.

Gari la tajiri ni la dizeli, na mnajua wengi wetu hapa tumezoea petroli. Dizeli haina cheche. Asubuhi ya baridi lazima kwanza upashe moto ndani ya injini, na kazi hiyo hufanywa na plagi nne, moja kwa kila silinda, ambazo sisi madereva tunaziita hita. Unavuta kitufe. Kwenye dashibodi kuna tundu dogo, na ndani yake kijiwaya kilichojisokota. Kijiwaya kikiwa chekundu, ujue hita zimepata moto, unawasha na kuachia kitufe. Ukikivuta muda mrefu mno, hita zinaungua. Hayo yote nilimweleza Mama alipokuwa anapanda, maana aliniuliza kile kitu kinachokwaruza mkono wake ni nini.

Ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa Singida wa mwezi wa sita mnaujua. Nilivuta kitufe, nikahesabu hadi arobaini. Kijiwaya cheusi.

"Kimekuwa chekundu?" Mama akauliza, amejifunika blanketi hadi puani.

"Bado."

Nikavuta tena. Nikahesabu hadi sitini, nikatia na kumi za hasira. Cheusi kama kilivyokuwa.

"Sasa je?"

"Bado, Mama."

"Pengine kimelala," akasema.

Nilikwenda kumgongea tajiri. Akatoka na shuka, akalitazama gari kwa mbali kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani, akasema hita moja imekufa bila shaka, alikuwa ameagiza nne mpya Dar es Salaam ikaja moja. Akaniletea hiyo moja imefungwa kwenye karatasi. "Lakini usifungue kitu," akasema. "Ngoja fundi wangu arudi kutoka Manyoni." Fundi wake angerudi Ijumaa. Nikaitia ile hita kwenye mfuko wa shati, nikaenda kutafuta watu wa kusukuma.

Watu wa kusukuma kwetu Mandewa hawakosekani, ila kila aliyekuja alitaka kwanza kumsalimia Mama. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, watoto, mbuzi, mvua. Mmoja alikaa kabisa kwenye kibao cha kupandia gari akaanza kumhadithia mgogoro wa mipaka ya shamba. Tulisukuma hadi kwenye mteremko, likakohoa, likazima. Tulilirudisha juu, tukasukuma tena. Lilipokubali kunguruma, jua lilikuwa utosini na mimi nimelowa jasho. Hapo ndipo nilipojiwekea sheria: injini hii haizimwi mpaka Kiomboi. Sheria nzuri. Ningekuwa na akili ningeitoa ile hita mfukoni saa ile ile, tajiri apende asipende.

Iguguno

Tulifika Iguguno alasiri. Mama hakuwa ametia kitu tumboni, kwa hiyo nilisimamisha gari mbele ya kibanda cha mama mmoja muuza chakula, nikaliacha linanguruma, nikamwongoza Mama ndani. Tulikula ugali wa mtama na mlenda wenye karanga, mlenda mzuri kweli, sitaki kuusema vibaya kwa sababu ya yaliyotokea. Mama akapata mtu wa kuongea naye Kinyiramba, lugha yake ya kuzaliwa, na mimi ambaye baba yangu ni Mnyaturu nikabaki nashika neno moja katika matano. Waliongea, wakacheka, wakaongea. Tulipotoka nje kulikuwa kimya.

Pembeni ya gari alisimama mzee mwenye koti la jeshi, mikono nyuma, anatabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, uliliacha gari linanguruma. Nimekuzimia."

Gari la dizeli halizimwi kwa ufunguo, lina kitufe chake cha kuvuta, na katika watu wote wa Iguguno niliyemkuta ni yule mmoja aliyekijua. Aliitwa mzee Shabani. Alikuwa dereva vitani huko Burma, na baada ya vita aliendesha mashine ya kutengeneza barabara. Aliona gari halina mtu linakula dizeli bure, akafanya wema. Nilimshukuru. Nifanyeje? Ana umri wa baba yangu.

"Lilizimwa lini, mzee?"

"Mlipokuwa mnanawa mikono."

Yaani muda wote ule wa vicheko injini ilikuwa inapoa kwenye upepo. Nikavuta kitufe cha hita. Kijiwaya cheusi.

"Kimekuwa chekundu?" Mama akauliza.

"Bado."

Mzee Shabani alipoelewa alichofanya alisikitika sana, na masikitiko yake yakawa mzigo mwingine, maana hakutaka tena kuniacha. Akafungua boneti, akanionyesha. Zile hita nne zimeungwa kwa mstari mmoja, umeme unaingia ya kwanza, unapita ya pili, ya tatu, ya nne. "Ndani ya kila moja kuna uzi," akasema. "Uzi wa moja ukikatika, tatu zilizobaki ni nzima lakini hazipati kitu. Lazima uzifungue, uzipime moja moja. Na usiziunge betri moja kwa moja, utaziunguza zote ukabaki unalia. Pitisha umeme kwenye balbu ndogo. Balbu ikiwaka, hita ni nzima."

"Spana ipo?" mzee akauliza.

Tukatafuta kwenye sanduku la tajiri. Kulikuwa na nyundo, jeki, kopo la grisi, na spana za kila namba isipokuwa ile. Iguguno nzima haikuwa nayo.

Tulilala hapo. Asubuhi ya Jumanne mzee Shabani akaja na jozi ya maksai wa shemeji yake walivute gari, kwa kuwa Iguguno ni tambarare na kusukuma kungetuua. Nilimwonya mwenye maksai kwamba gari likiwaka litanguruma. Akanitazama kwa dharau. "Hawa wamezoea trekta la Mzungu," akasema.

Hawakuwa wamezoea. Injini iliposhika kwa mlipuko mmoja na moshi mweusi, wale maksai waliondoka barabarani na sisi nyuma yao, tukaingia shamba la watu lililovunwa, mabua yanapasuka chini, magunia ya chumvi yanaruka, Mama ananishika bega anasema, "Umefanya vizuri, sasa linakwenda." Kichuguu ndicho kilichotusimamisha. Bampa ilipinda. Injini, kwa rehema za Mungu, haikuzimika, na mimi nilikanyaga mafuta kwa mguu mmoja huku watu wanafungua kamba. Mwenye maksai alinigombeza mimi.

Njia ya Misigiri, iendayo Kiomboi, watu wa barabara walikuwa wameifukua, magari yanageuzwa yapite Kinyangiri. Mama aliposikia Kinyangiri uso wake ukachangamka. Ndiko alikoolewa mdogo wake, mama mdogo Raheli. Na mume wake, baba mdogo Zakaria, anatengeneza baiskeli na majembe ya kukokotwa, yaani ana spana. Kwa mara ya kwanza tangu Mandewa nikaona mambo yamenyooka.

Kinyangiri

Tulifika mchana. Baba mdogo Zakaria alikuwa amekwenda Nduguti kupeleka jembe, atarudi jioni, na spana zake kazifungia. Nilipima tangi kwa kijiti. Kwa jinsi injini ilivyonguruma kutwa, dizeli iliyobaki ingetosha kufika Kiomboi kama ningezima sasa, na isingetosha kama ningeiacha mpaka kesho. Nikazima.

Akina mama wale wawili hawakuwa wameonana tangu Mama apofuke. Mama mdogo alimshika uso, akalia, Mama akamwambia aache, akalia na yeye. Kisha wakaketi ukutani mwa tembe wakaanza Kinyiramba chao cha haraka, na nikawaacha. Baba mdogo alirudi giza limekwisha kuingia.

Jumatano kulipokucha baridi ilikuwa ya kuuma meno. Niliwatangazia wote wazi: leo natengeneza, na tukimaliza tunaondoka saa hiyo hiyo, hatungoji chakula, kwa kuwa kesho ndiyo siku ya mwisho ya daktari. Mama mdogo akalitazama gari. Ningekuwa mtu wa kusoma nyuso ningeogopa.

Baba mdogo akanipa spana, na kazi yenyewe, niwaambie ukweli, ilikuwa tamu kuliko kitu chochote katika safari ile. Nilifungua vipande vya shaba vinavyounganisha hita, nikavipangilia kwenye gunia safi. Nikazifungua zenyewe moja moja, polepole, zisikatike shingo. Zilitoka nyeusi kwa masizi. Nikatoa balbu ya taa ya nyuma, nikaifunga na vipande viwili vya waya kama mzee Shabani alivyosema. Mama aliletewa kigoda akakaa karibu, uso ameuelekeza kwangu.

"Ya kwanza," nikasema. Nikagusa.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Ya pili?"

"Imewaka."

"Ya tatu?"

Nikagusa. Balbu kimya. Nikakwangua masizi, nikagusa tena. Kimya.

"Haikuwaka," nikasema.

"Na ya nne?"

"Inawaka."

"Kwa hiyo tatu zote hizi hazina ugonjwa," akasema. "Zimekaa gizani kwa ajili ya mwenzao."

"Ndiyo, Mama."

Nilisafisha matundu yake kwa kijiti na kitambaa, nikazirudisha zile tatu nzima kila moja mahali pake. Hita mpya nikaitoa kwenye karatasi, nikaipima na balbu, ikawaka vizuri, nikailaza juu ya gunia. Nikaenda kunawa mikono mafuta. Niliporudi, gunia lilikuwepo, karatasi ilikuwepo. Hita haikuwepo.

Nilitafuta chini ya gari. Nikatafuta ndani ya injini kwa vidole, nikiungua roho kwa kuwaza imetumbukia kwenye tundu. Nilipepeta mchanga. Niliwafukuza kuku nikachunguza walipokuwa wanaparura. Nilimshuku mbwa. Baba mdogo Zakaria alinisaidia kutafuta kwa bidii sana, na nikaona hanitazami usoni. Huko jikoni nikasikia kuku analia mara moja, halafu basi.

"Mama mdogo," nikasema, nimesimama mlangoni, "kuna chuma changu kidogo kimepotea."

"Hakijapotea," akasema, ananyonyoa. "Kaa ule."

Ndipo baba mdogo, kwa aibu, akanieleza. Katika nyumba yao, na kwa majirani pia, mgeni anayetaka kuondoka bila kula hufichiwa kitu. Zamani ilikuwa fimbo, au kiatu kimoja. Akisha kula anarudishiwa. Mgeni akiondoka na njaa, mwenye nyumba anasemwa mwaka mzima. "Alitazama ni kitu gani gari haliwezi kuondoka bila hicho," akasema. "Ana akili sana mke wangu."

Nilikaa. Nilikaa nikiwa nimevimba kama chura, naangalia jua linapanda. Kuku wa kienyeji haivi kwa hasira za mtu. Uliletwa ugali wa uwele, kuku, mlenda, maziwa ya mgando, kisha asali. Nilikula kila kitu kwa haraka mpaka koo likaniuma. Nikanawa, nikashukuru, nikanyoosha mkono.

Mama mdogo akacheka. "Mimi sina," akasema. "Nilimpa dada anitunzie. Dada, mpe mtoto chuma chake."

Mama alikuwa anamung'unya kipapatio. Akakiweka chini.

"Hata mimi sina," akasema.

Mama mdogo akaacha kucheka. Akamwambia kitu kwa Kinyiramba, polepole safari hii, nikaelewa: Dada, mchezo umekwisha. Mama akainamisha kichwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika pindo la kanga, umelikaza mpaka mishipa imetokeza.

Sitawaficha, nilipandwa na hasira. Nilimwambia mama yangu mzazi, mbele za watu, maneno ambayo siyaandiki yote. Kwamba nimesukuma gari, nimeburutwa na maksai, tajiri atanifukuza kwa ajili ya bampa, na yeye ameketi na hita yangu kwenye pindo la kanga kama ugoro. Kwamba kesho daktari anamaliza. Kwamba mwaka kesho simleti mtu popote. Aliningoja nimalize.

"Raheli hakulijua wazo hili," akasema. "Yeye alitaka ule tu. Mimi ndiye niliyemwambia achukue kile kipya."

"Kwa nini, Mama? Unaogopa kisu?"

"Kisu nilishakizoea, nimezaa watoto saba." Akafuta vidole polepole. "Elia, hii miaka yote watu wananiambia pole, nawaambia, iko siku nitakwenda kwa daktari. Usiku nikilala nasema, iko siku. Sasa nikienda, akikata, na nisione, nitasema nini? Siku yenyewe itakuwa imekwisha kupita. Afadhali nibaki nayo."

Hapo hasira iliniishia, ikaja aibu. Nilikaa chini mbele yake. Sikuweza kumwambia ataona. Nani alinipa mimi kujua?

"Tukirudi nyumbani leo," nikasema mwisho, "sitakulaumu tena. Nimekulaumu imetosha. Lakini nirudishie, maana hata kwenda Mandewa tunahitaji kuwasha."

Kuku walirudi kuparura. Kisha Mama akaniuliza, kama mtu anayezungumzia jambo jingine kabisa, "Ile iliyokufa, ulijuaje kama imekufa?"

"Niliitoa nikaipima."

"Na kabla ya kuipima?"

"Sikujua. Tangu Jumatatu nimekaa nayo sijui."

"Na umetupa shida njia nzima," akasema, "kwa ajili ya kutokuijua."

Akalifungua pindo la kanga kwa meno. Ile hita ilikuwa ya moto kwa jinsi alivyoikaza. Akapapasa hadi akaupata mkono wangu, akaiweka.

Niliifunga ya tatu kutoka mbele, nikarudisha vipande vya shaba, nikakaza nati zote kwa kiasi. Nikaketi kwenye usukani. Mama akapandishwa upande wake. Nikavuta kitufe, nikahesabu kimoyomoyo. Kumi. Ishirini. Kwenye lile tundu dogo kijiwaya kikaanza kama kovu, kikaiva.

"Kimekuwa chekundu?"

"Kimekuwa chekundu, Mama."

Injini ilishika mara moja. Mama mdogo alikimbia akatupa dirishani kuku mzima wa kuchoma, amefungwa kwenye majani. Nilisubiri barabarani, gari linanguruma. Kulia ni Kiomboi, kushoto ni kurudi.

"Unangoja nini?" Mama akasema. "Twende huko kwenye kisu."

Kiomboi

Njia ya kutoka Kinyangiri ilikuwa na mchanga wa mto mara mbili na ng'ombe mara sita. Ng'ombe wa mwisho walikuwa wamelala barabarani, na mchungaji wao alitaka kwanza kujua sisi ni ukoo gani. Nilimjibu ukoo wote, mpaka kwa babu. Sikuwa na nguvu za kugombana tena.

Tuliingia Kiomboi jua linazama. Alhamisi asubuhi tulikwenda hospitali, tukakuta benchi limejaa wazee waliofunikwa macho. Muuguzi akatuambia orodha ya leo imekwisha kujaa, ni kumi na mbili, na ni ya mwisho. Nilimweleza habari za hita. Nilimweleza habari za maksai. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia orodha imejaa.

Nilimkalisha Mama kwenye jiwe nje, nikakaa chini kwenye vumbi, na sioni haya kusema machozi yalinitoka. Siku mbili za akiba nilizipoteza kwa kuogopa kufungua boneti. Mama alisikia ninavyovuta kamasi, akanipapasa kichwani.

Kabla ya saa sita muuguzi akatoka anatazama huku na huku. Mgonjwa wake wa tisa, mzee mmoja mnene, alipoitwa alivaa viatu vyake akaondoka kwa kupitia dirishani. Wamemtafuta, hayupo. Yule mama wa hita yuko wapi?

"Amekimbia?" Mama akauliza. "Mwanamume mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe si mimi peke yangu," akasema, akanyanyuka, akamshika muuguzi mkono.

Walimpasua jicho la kulia. Kisha wakamlaza chali siku nyingi, kichwa kimebanwa kwa mito miwili ya mchanga, amekatazwa kukohoa na kucheka. Mimi nilirudi Singida na gari, nikapokea matusi ya tajiri kuhusu bampa. Hita nilimwambia ilijitengeneza yenyewe, akaamini. Kila jioni niliwaza ile sentensi yake, "nikienda, akikata, na nisione."

Kurudi

Wiki ya nne tajiri alinituma tena Kiomboi. Mama alikuwa ameketi barazani mwa wodi, jicho la kushoto limefungwa, la kulia nyuma ya kioo kinene kama kitako cha chupa. Uso aliuelekeza kwangu, lakini alikuwa anauelekeza kwangu miaka yote, kwa sauti za miguu. Nikasimama mbele yake sikusema kitu. Akanitazama kutoka chini hadi juu, bila haraka.

"Mbona una kipara?" akasema.

Nakumbuka nilikuwa nacheka na pua inatoka makamasi, na wazee wa barazani wananitazama.

Tulilala pale, tukaondoka asubuhi. Baridi ilikuwa imeshika kioo cha gari ukungu. Mama alikataa kukaa nyuma na wengine walioomba lifti. Akapanda mbele, akajifunika blanketi, akasogeza ile miwani kwa kidole. Nikavuta kitufe. Nikawa namtazama yeye. Alikuwa ameinama kabisa, pua karibu na dashibodi, analitafuta lile tundu dogo.

Nikasahau kuhesabu.

"Kimekuwa chekundu," akasema. Akangoja. Kisha akanipiga kofi mkononi. "Elia, chekundu. Washa uachie, utaziunguza."